Mkuki, Kozi na Mkato: Kuisoma Nembo ya William Shakespeare

Utangulizi

Kabla neno nembo halijawa jina la chapa ya serikali au ya kampuni, lilikuwa na maana ya mwilini. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kuwa ni chale zilizochanjwa usoni au kwingineko mwilini ili mtu atambulikane kabila lake. Nembo hiyo haikuombwa ofisini wala haikulipiwa ada. Mtu alichanjwa akiwa mdogo, akazikwa nayo. Makala haya yanashughulikia nembo ya namna nyingine kabisa, ambayo iliombwa, ikatolewa, ikabishaniwa, na hatimaye ikakosa mtu wa kuirithi: nembo aliyopewa John Shakespeare, fundi wa glavu wa mji wa Stratford, tarehe 20 Oktoba 1596, na ambayo mwanawe William alikuwa nayo hadi kufa kwake mwaka 1616.

Yamkini msomaji atauliza nembo ya Mwingereza wa karne ya 16 ina haja gani katika kurasa hizi. Jibu la kwanza ni jepesi. Tangu Mwalimu Nyerere atufasirie Julius Caesar mwaka 1963 na kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Shakespeare ana makazi katika lugha yetu, na mwenye makazi huulizwa ukoo wake. Jibu la pili ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Katika madarasa yetu, na si haba katika tahakiki zinazochapishwa, ishara imekuwa ikihakikiwa kana kwamba ina bei iliyobandikwa: nyeupe ni usafi, nyekundu ni damu, nyeusi ni huzuni, simba ni ushujaa. Mhakiki huishika orodha hiyo mkononi akaipitia kazi ya fasihi kama karani wa forodha anavyopitia shehena. Vitabu vya Ulaya vinavyowaeleza wasomaji wa kawaida maana ya nembo vina orodha za aina hiyo hiyo: dhahabu ni ukarimu, fedha ni unyoofu, nyeusi ni uthabiti au msiba. Nembo basi ni mahali pazuri pa kuupimia mtindo huu wa uhakiki, maana kama kuna matini ambamo orodha ingefaa kufanya kazi, ni hapa.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alipata kudai, katika insha aliyoniandikia, kwamba mkanda mweusi uliomo katika ngao ya Shakespeare ni kitambaa cha msiba wa Hamnet, mwana wa pekee wa kiume wa mshairi huyo, aliyezikwa akiwa na umri wa miaka 11 tarehe 11 Agosti 1596, yaani wiki kumi tu kabla ya nembo kutolewa. Niliipigia sentensi hiyo mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja: Ushahidi? Haya ninayoyaandika leo ni jibu refu kwa sentensi ile. Bado naiona ina kosa, lakini si kosa nililolidhani siku ile.

Nembo kama matini

Tuanze na kilichoandikwa. Rasimu mbili za hati ya mwaka 1596 zimehifadhiwa katika Chuo cha Nembo mjini London, taasisi iliyoundwa mwaka 1484 na ambayo hadi leo ndiyo inayotoa nembo kwa watu binafsi nchini Uingereza. Zilitungwa chini ya William Dethick, mkuu wa maafisa wa nembo wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nembo inayoelezwa humo ni hii: ngao ya dhahabu, juu yake mkanda mweusi unaokatiza kwa mshazari, ndani ya mkanda huo, mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu ya ngao, penye kofia ya chuma, pamesimama kozi wa fedha aliyekunjua mabawa, naye ameushika mkuki mwingine wa dhahabu uliosimama wima. Pamoja na hayo kuna maneno matatu ya Kifaransa cha kale: Non Sanz Droict.

Msomaji wa pwani hatapata taabu kuutambua muundo huu. Kanga nayo ina pindo, ina mji, na ina maneno ambayo wanawake wetu, kwa busara kubwa ya kihakiki, huyaita jina. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Na jina peke yake, bila mji na pindo, na bila mwanamke aliyeivaa akapita mbele ya mlango fulani siku fulani, ni methali iliyolala kamusini. Maana hutokana na kukutana kwa vyote hivyo. Ulinganisho huu una mipaka yake, bila shaka: kanga hununuliwa na yeyote mwenye fedha, ilhali nembo ya Kiingereza ilikuwa haki ya ukoo, na ofisi nzima iliwekwa kuwazuia wasiostahiki. Hata hivyo funzo la kanga ni kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Hakuna mtu anayeijua kanga atakayeuliza maana ya rangi kabla ya kuuliza nani kaivaa, na kamvalia nani.

Nani, basi, aliivaa nembo hii? Mwombaji kwa jina ni John, baba mtu, aliyekuwa mkuu wa mji wa Stratford mwaka 1568, kisha mambo yakamwendea kombo, akaacha kuhudhuria vikao vya baraza, hata mwaka 1586 kiti chake wakapewa wengine. Katika hati zake zilizobaki John ametia alama badala ya kuandika jina. Mwaka 1596 hali yake haikuwa ya mtu mwenye sababu ya kutafuta heshima, isipokuwa kwamba mwanawe alikuwa amepata fedha London katika kundi la maigizo. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba William ndiye aliyelisukuma ombi hilo kwa jina la babake, na ushahidi uliotangazwa mwaka 2016 na Heather Wolfe wa Maktaba ya Folger, Washington, unaonyesha kwamba hata katika karne ya 17 nembo hiyo ilihusishwa na mwigizaji mwenyewe. Njia hii ilikuwa na akili ndani yake. Kama nembo ingeombwa kwa jina la William, yeye angekuwa mwungwana wa kwanza katika ukoo wake. Ilipoombwa kwa jina la babake, alikuwa mwana wa mwungwana.

Nimelitumia neno mwungwana kwa makusudi, maana hakuna neno jingine la Kiswahili lenye uzito wa hadhi iliyotafutwa hapa, ingawa kinyume chake si kile kile. Katika miji yetu ya Lamu, Pate na Mombasa kinyume cha mwungwana kilikuwa mtumwa. Katika Stratford kilikuwa fundi, mchuuzi, na zaidi ya wote mchezaji wa jukwaani, ambaye sheria ya mwaka 1572 ilimweka katika fungu la wazururaji endapo hana bwana mkubwa wa kumdhamini. Hati ya Dethick inajitahidi kuuziba ufa huu. Inasema kwamba wazee wa John walitunukiwa na Mfalme Henry wa Saba kwa utumishi wao wa uaminifu na ushujaa. Wanahistoria wameitafuta kumbukumbu ya tuzo hiyo wasiione. Hata ndani ya rasimu zenyewe maneno ya wahenga na ya babu yanapishana, kana kwamba mwandishi hakuwa na hakika amtaje nani. Sisi tuliosoma mabishano ya wanahistoria kuhusu koo za pwani zinazodai asili ya Shirazi hatuna haki ya kuwacheka. Nasaba nayo ni utanzu, na una kanuni zake za utunzi.

Mkuki

Sasa tuje kwenye ngao. Jina Shakespeare lina vipande viwili, kitenzi cha kutikisa na nomino ya mkuki. Twaweza kulifasiri kuwa Tikisamkuki, kwa muundo ule ule wa kitenzi na yambwa uliotupa kivunjajungu na kifunguamimba. Nembo za aina hii, zinazochora jina la mwenyewe, zilijulikana Ulaya tangu Enzi za Kati, na Wafaransa waliziita nembo zisemazo. Hivyo mkuki huu, licha ya hati kutaja ushujaa, si kumbukumbu ya vita. Ni tamko la jina. Mtu ambaye hakutia sahihi kwa herufi amepewa picha inayosomeka kama sahihi yake.

Wapo waliousogelea mkuki huo, wakaitazama ile ncha ya fedha, wakaona kalamu. Ni usomaji unaovutia na ningependa uwe kweli. Lakini hati inataja mkuki, na kinachombana mhakiki ni hati. Aidha, kalamu ingefuta kile ambacho nembo inakifanya kwa ustadi, yaani kulificha jina la fundi wa glavu mahali pa wazi kabisa, ndani ya silaha ya mpanda farasi.

Ushahidi bora kwamba mkuki ndio uliobeba maana yote unatokana na maadui. Mwaka 1602 Ralph Brooke, afisa wa nembo aliyekuwa na cheo cha York, alimshtaki mkubwa wake Dethick kuwa anawagawia nembo watu wasiostahiki. Katika orodha yake yumo Shakespeare, ambaye katika kumbukumbu moja ya mgogoro huo ametajwa kwa neno moja la kumshusha: mchezaji. Shtaka jingine lilikuwa kwamba ngao hiyo, dhahabu yenye mkanda mweusi, ilikuwa tayari ya bwana mmoja wa kale, Lord Mauley. Dethick na mwenzake William Camden walijibu kwamba mkuki ulio juu ya mkanda ni tofauti ya kutosha. Wakaongeza kwamba John alipata kuwa hakimu mjini Stratford, ameoa mrithi wa ukoo wa Arden, na ana uwezo. Jibu lao la kwanza lastahili kusomwa upya na kila mwanafunzi wa semiotiki. Zaidi ya miaka 300 kabla ya mihadhara ya Saussure kuchapishwa mwaka 1916, maafisa wawili wa serikali walikuwa wakitetea hoja kwamba alama haina maana kwa kile ilichonacho, bali kwa kile inachotofautiana nacho. Uondoe mkuki, na nembo ya Shakespeare inakuwa mali ya mtu mwingine. Dhahabu na nyeusi, ambazo orodha zetu zingezianza kwanza, hazikuwa zake hata kidogo.

Hapa fasihi yetu inatupa mwanga ambao sijauona katika tahakiki za Kiingereza. Fumo katika Kiswahili cha kale ni mkuki, na Fumo ni cheo cha mtawala. Tunapomtaja Fumo Liyongo, silaha na mamlaka zimekaa katika neno moja, wala hapana ofisi iliyohitajika kuziunganisha. Liyongo hakuchorewa ngao. Jina lake ndilo ngao. Mwana wa Stratford alikuwa na mkuki katika jina lake vile vile, lakini lugha yake haikuwa imeupa mkuki huo cheo. Ilimbidi akitafute kwa ombi, kwa rasimu mbili, na kwa masimulizi ya babu asiyeonekana katika kumbukumbu.

Kozi na kunguru

Kozi anashughulikiwa kwa haraka katika maandishi mengi: ndege wa wakubwa, ishara ya kupaa, na basi. Wengine hukumbusha kwamba Henry Wriothesley, Earl wa Southampton, ambaye Shakespeare alimtabarukia mashairi yake ya mwaka 1593 na 1594, alikuwa na ndege wa jamii hiyo, wa fedha, katika ngao yake. Huenda kuna heshima hapo, huenda hamna.

Mimi namwona kozi kuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi. Ngao ina nomino tu. Mkuki umelala ndani ya mkanda, hautikisiki. Aliyesimama juu, aliyekunjua mabawa na kuushika mkuki wa pili, ndiye anayekileta kitenzi. Jina linakamilika pale tu macho yanapopanda kutoka ngaoni hadi kwa ndege. Kazi ya pili ni ya kujibu. Mwaka 1592 kilitoka kijitabu kwa jina la Robert Greene, mwandishi msomi aliyekuwa amekwisha kufa, kikiwaonya watunzi wenzake juu ya mwigizaji mmoja aliyejitia kutunga. Kililipotoa jina lake kwa mchezo wa maneno, na kumfananisha na kunguru aliyejipamba kwa manyoya ya wenzake. Miaka minne baadaye jina lile lile lililofanyiwa mzaha linachorwa kwa dhahabu, na juu yake anasimama ndege mwenye mabawa yake mwenyewe. Sidai kwamba Dethick alikisoma kijitabu kile. Nadai kwamba aliyeumizwa na picha ya ndege hangeshindwa kuona ni ndege gani anayewekwa juu ya jina lake. Katika mila zetu za malumbano, anayetukanwa kwa mfano hujibu kwa mfano, na wenye masikio husikia.

Mkato

Nimefika penye utajiri mkubwa zaidi, nao umo katika kosa la karani. Katika rasimu mojawapo, maneno ya nembo yameandikwa mara mbili yakiwa na mkato baada ya neno la kwanza: Non, Sanz Droict. Yakafutwa. Kisha yakaandikwa kwa herufi kubwa, bila mkato.

Tofauti kati ya maandishi hayo inaonekana vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza. Bila mkato, twapata: Si bila haki. Pakiwa na mkato: La, bila haki. La kwanza ni dai la mwombaji, la pili ni kauli ya mlinzi wa mlango. Wako waliodhani kwamba karani alikuwa akiandika uamuzi wa kulikataa ombi, nayo ikaja kugeuzwa kaulimbiu. Dhana hiyo naiona dhaifu, maana rasimu yenyewe inakubali ombi. Lakini kwa mhakiki haidhuru karani alikusudia nini. Kinachojalisha ni kwamba kaulimbiu hii ina udhaifu wa aina yake: alama moja ndogo yaweza kuigeuza ikamshtaki mwenyewe.

Na udhaifu huo haukuletwa na karani. Umo katika hasi mbili. Mwenye haki isiyobishwa husema Kwa haki. Anayesema Si bila haki amekwisha kumsikia mtu akisema hana. Kwa sababu hiyo tafsiri zinazolainisha maneno haya kuwa Kwa Haki, ingawa ni sahihi kimantiki, zinakiua kile kilicho hai ndani yake. Ni maneno ya mtu aliyeegemeza mgongo ukutani. Kuyasema kwa Kifaransa cha mahakama za kale kulikuwa jaribio jingine la kuyapa uzee ambao ukoo haukuwa nao. Nembo ya taifa letu, yenye simba wawili walioshika mikuki, ilichukua njia ya kinyume: neno lake moja, Harambee, ni la wapagazi na wavuta kamba, wala haliombi radhi kwa yeyote.

Mzaha ulikuja upesi. Mwaka 1599 kundi la Shakespeare mwenyewe liliigiza Every Man Out of His Humour ya Ben Jonson. Ndani yake mna mshamba tajiri aitwaye Sogliardo, aliyejinunulia nembo yenye nguruwe asiye na kichwa, na mwenzake anampendekezea kaulimbiu ambayo, kwa muundo wa hasi mbili, inasisitiza haradali isikosekane. Wahakiki hawajakubaliana kama Jonson alimlenga Shakespeare. Kwangu mimi muundo wa sentensi unatosha. Jonson, kama fundi yeyote wa maneno, aliona kwamba kicheko kimo katika sarufi.

Lakini aliyeicheka nembo kwa ukali zaidi ni Shakespeare mwenyewe. Onyesho la kwanza la The Merry Wives of Windsor, kichekesho cha miaka hiyo hiyo, ni la wazee wanaojivunia nembo yao ya kale yenye samaki weupe, na padri wa Wales anawasikia vibaya, akadhani ni chawa. Kikubwa zaidi kimo katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ambayo wengi wanaona ilitungwa mnamo 1596 au 1597, yaani nembo ikiwa bado mbichi. Neno mabepari katika tafsiri ya Mwalimu limetuvuta, kwa haki kabisa, tuitazame riba na deni la Shylock, hata tumeviacha vile visanduku vitatu vya Portia kama hadithi ya kuburudisha. Tuvirudie. Vya dhahabu, fedha na risasi; kila kimoja kina maandishi nje na picha au kitu ndani. Ni nembo zilizofungwa. Mwana wa mfalme wa Moroko anachagua dhahabu na kukuta fuvu. Yule wa Aragon anasimama mbele ya fedha, inayoahidi kwamba mtu atapata anachostahiki, na anatoa hotuba nzito: mtu asithubutu kuvaa hadhi asiyoistahiki, na laiti vyeo visingepatikana kwa hila, ni wangapi walio chini wangepanda, na wangapi walio juu wangeshuka. Kisha anafungua na kukuta picha ya mpumbavu.

Nani anasema hapa? Hoja ya Aragon ni hoja ya Ralph Brooke, nayo imetangulia shtaka lake kwa miaka kadhaa. Ni hoja ya haki, na aliyeiandika alikuwa ndiyo kwanza apate ngao ya dhahabu na ncha ya fedha. Hakumpa maneno hayo mtu mwema wala mtu mwovu. Alimpa mtu mwenye hakika kwamba anastahiki, kisha akampa kioo. Sijui tamthilia nyingine ambamo mwandishi amejishtaki, akajitetea na kujicheka katika ukurasa mmoja bila kujitaja jina.

Rangi nyeusi

Narudi kwa mwanafunzi wangu. Mkanda mweusi hauwezi kuwa wa msiba wa Hamnet, kwa sababu mbili. Maelezo yaliyoongezwa kwenye rasimu yanasema kwamba John alikwisha kuwa na mchoro wa nembo kutoka kwa afisa mwingine miaka 20 iliyotangulia. Kama ni kweli, na kama mchoro ulikuwa huu, mkanda ulikuwepo kabla Hamnet hajazaliwa. Sababu ya pili ni ya sarufi. Sanaa ya nembo ina kanuni kwamba metali isiwekwe juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, na dhahabu na fedha zinahesabiwa metali. Juu ya ngao ya dhahabu mkanda sharti uwe wa rangi, na juu ya mkanda wa rangi mkuki sharti uwe wa metali, ili jicho lione kwa mbali. Weusi ule unatumikia mkuki kama irabu inavyotumikia konsonanti. Kuuliza huzuni yake ni kama kuuliza huzuni ya kiambishi.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Mwalimu, na yule aliyekuwa akiitazama mwezi ule wa Oktoba, naye hakuona nyeusi?”

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, si katika ngao bali katika fomyula ya hati, sehemu ambayo kila msomaji huiruka kwa kuwa ni ya kawaida. Nembo inatolewa kwa John na watoto wake, na kizazi chake, na wazao wake wote. Maneno hayo yako katika hati nyingi za aina hiyo na hayamlengi mtu yeyote. Yasomwe tarehe 20 Oktoba 1596, nyumbani Stratford. John ana wana wanne: William, Gilbert, Richard na Edmund. Mjukuu wa kiume aliyejulikana alikuwa mmoja, na amezikwa Agosti. Fomyula ile ile iliyoandikiwa mamia ya koo nyingine imegeuka, kwa sababu ya tarehe tu, kuwa sentensi isiyo na mtendwa. Msiba aliouhisi mwanafunzi wangu umo ndani ya nembo kweli. Alikosea tu mahali ulipo.

Yaliyofuata yaliithibitisha sentensi hiyo. Mwaka 1599 uliombwa ruhusa ya kuiunganisha nembo hii na ya ukoo wa Arden, wa mama mtu. Rasimu ipo, lakini hakuna dalili kwamba familia iliutumia muungano huo. John alifariki mwaka 1601, Edmund 1607, Gilbert 1612, Richard 1613, wote watatu bila kuacha mrithi halali anayejulikana. William akafuata mwaka 1616. Binti zake wawili, Susanna na Judith, waliolewa. Wana watatu wa Judith walikufa bila kuacha watoto, na Elizabeth binti Susanna, aliyekuwa wa mwisho katika uzao wa mshairi, alifariki mwaka 1670 naye hakuacha mtoto.

Katika Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Stratford, juu ya sanamu ya mshairi, nembo imechongwa: ngao, mkanda, mkuki, na kozi juu. Yale maneno matatu hayapo. Aliyeyaacha, awe ni mchongaji au ni warithi, ameiacha nembo iseme jina bila kujitetea. Si mbali na hapo, sakafuni, kuna jiwe la kaburi la John Hall, tabibu, mume wa Susanna, aliyefariki mwaka 1635. Ngao iliyochongwa juu yake imegawanywa kati: nusu moja ni vichwa vitatu vya mbwa vya ukoo wa Hall, na nusu ya pili, upande wa mke, ni mkuki.